Mwanafunzi wa Benchi la Nyuma

9 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo! Shikamoo tena, na ya tatu nakuwekea akiba, maana najua barua hii utaisoma ukiwa umechoka na kelele za watoto wako wa tuisheni. U hali gani? Mgongo umetulia? Na baba, goti linamruhusu kutembea mpaka kwako? Simu nimepiga mpaka kidole kikachoka. Baba anasema umeizima na kuifungia kabatini pamoja na shuka za wageni. Basi nakuandikia, na nimejitahidi mwandiko, usije ukanirudishia barua yangu na duara jekundu kila mstari.

Sisi wazima, Shangazi, wazima kupita kiasi! Tuna chumba kimoja ghorofa ya nne, dirisha moja, na jiko la gesi ambalo upande mmoja unawaka na mwingine unajifikiria. Mume wangu anatengeneza lifti za mji mzima, na jengo letu halina lifti! Kila jioni anapanda ngazi akizilaani, na akifika mlangoni anasema kwa sauti ya mashine, "Ghorofa ya nne. Mlango unafunguka." Nami nacheka kila siku kama vile sijawahi kuisikia. Sijui wengine wanaishije bila kuolewa naye.

Sasa kaa vizuri, sikiliza makubwa. Mimi ni mwalimu! Mama mwenye nyumba wetu ana chumba kingine juu ya duka la misumari na kufuli, ambako watu wazima hufundishwa Kiingereza jioni. Mwalimu wao amehama. Siku moja mama huyo alinisikia namsomea mume wangu maelezo ya jiko, akaniuliza Kiingereza nimesomea wapi. Nikamwambia, kwa shangazi yangu, mezani, kabla ya chai. Akasema nianze Jumatatu.

Nimeanza, na nimeaibika. Niliandika ubaoni kwamba paka yuko juu ya kiti. Wote wakarudia, isipokuwa mzee mmoja, karani wa mahakama aliyestaafu, koti limefungwa vifungo mpaka kooni. Akasimama, akakiangalia kiti, akainama akaangalia na chini yake.

"Paka hayupo," akasema.

"Ni mfano tu, Mzee."

"Mfano wa nini? Wa uongo?"

Darasa likaangua kicheko. Nikaandika kwamba nina dada wawili. Akasema hana dada hata mmoja, na hatasema anaye. Akanieleza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwamba maisha yake yote aliandika maneno ya watu mahakamani, uongo alioandika unamtosha, na hataongeza mwingine kwa lugha ya kigeni. Nimempa jina Mzee Ushahidi. Jioni nzima hakutamka neno jingine, na wenzake nao wakaanza kuangalia chini ya viti. Nifanyeje, Shangazi? Nisaidie kabla hawajanikimbia.

Mume wangu anakusalimu sana, sana. Amesimama nyuma yangu anataka niongeze "sana" ya tatu. Nimeongeza.

Akupendaye mno,
Chiriku wako


3 Machi

Chiriku,

Marahaba, zote tatu. Mgongo upo. Goti la baba yako linampa sababu ya kukaa kwangu kila jioni na kumaliza sukari. Jirani mshona viatu ameezeka upya, sasa mvua ikinyesha haiingii kwake, inaingia kwangu.

Mwandiko wako umeharibika. Herufi zinakimbia kama zinawahi harusi.

Mzee wako hana kosa, mwenye kosa ni wewe. Mtu mzima hachezewi na paka asiyekuwepo. Chukua kikapu, utie vitu vya kweli: kufuli, kijiko, kitunguu, kiatu kimoja. Waviguse. Waseme kilichopo. Vitu vikiisha, waulize walichofanya mchana, nani yuko nyumbani, nini kimewachosha. Usimpe mwanafunzi sentensi asiyoweza kwenda nayo kwake. Na ukikosea ubaoni, futa mbele yao, usifute kwa siri.

Hayo yote hufundishwa chuoni muhula wa kwanza. Nafasi yako huko wamempa msichana mwingine. Nilikwenda mwenyewe kuuliza.

Wasalimie wanafunzi wako wote, mama mwenye nyumba, na huyo mwenye duka la misumari.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo ya asubuhi! Nakuandikia nikiwa dirishani na kikombe cha chai. Chini huko mtaa umeamka, watu wamepanga foleni ya mkate mpaka kwenye mlango wetu. Hatujambo. Wakwe zangu wametuma salamu, nao ni wazima. Pole na mvua. Mwambie baba akae upande usiovuja.

Kikapu, Shangazi! Ningekuwa karibu ningekubusu mikono yote miwili. Mzee Ushahidi alichukua ile kufuli, akaivuta, akaijaribu na ufunguo, akaivuta tena, kisha akasimama wima na kusema kwa Kiingereza safi, "Hii ni kufuli. Imefungwa." Akakaa chini kama mtu aliyemaliza kesi. Tangu siku hiyo hanyamazi.

Lakini ngoja nikueleze wengine. Yupo muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, anayekuja moja kwa moja kutoka zamu. Anakaa karibu na ukuta, na kabla sijamaliza kusalimia, analala. Analala kweli, mdomo wazi! Niliumia. Juzi nikamtupia swali gumu makusudi ili aone haya. Akajibu bila kufumbua macho, akajibu sawasawa, akaendelea na usingizi wake.

Na wapo ndugu wawili waokaji, hao ndio waliokula usingizi wangu. Waligombana kuhusu nyumba ya baba yao, wakaapa mbele ya mama yao kwamba hawatasemezana neno katika lugha aliyowalea nayo. Wanafanya kazi kwenye tanuri moja, Shangazi, wanaonyeshana kwa vidole vya unga, miaka na miaka! Mama yao bado hai na hataki kusikia habari ya kuvunja kiapo. Basi mdogo akafikiri: kiapo kilitaja lugha ile tu. Kiingereza hakikutajwa. Akaja kujiandikisha. Kesho yake mkubwa naye akaja. Muuguzi ndiye aliyenisimulia, siku aliyokuwa macho. Mmoja anakaa mwisho huu na mwingine mwisho ule, na bado hakuna aliyemwambia mwenzake hata "habari". Kila jioni nawatazama, roho juu.

Sasa niseme langu. Barua yako ilipofika, mume wangu alikaa kando yangu akiningoja nimalize kusoma.

"Nimo?" akauliza.

"Humo."

"Hata kwa kifupi?"

"Mwenye duka la misumari yumo."

"Huyo hata hajui kama yupo!"

Alicheka, Shangazi, yeye hucheka daima. Lakini baadaye alinawa mikono muda mrefu sana kwa mtu ambaye mikono yake ilikuwa safi. Najua hukuja harusini. Najua ulikuwa umeshaninunulia sanduku la bweni. Nilichagua, na sijuti, na bado nataka wewe umwite mkwe wako, basi. Nataka hilo kuliko kitu chochote, maana vingine vyote ninavyo.

Ili kumchangamsha nikamsimulia kwamba katika miaka yako yote ya ualimu hujawahi kumfukuza mwanafunzi, hata yule aliyekuja na nyoka mfukoni. Nikamwigizia unavyosema, "Akishakaa kwenye benchi ni wangu." Akaniomba niirudie.

Jioni ya pili nikiwa nafundisha, mlango ukagongwa. Ni yeye! Nywele zimelowa maji, penseli mpya juu ya sikio.

"Samahani, Mwalimu. Nafasi ipo?"

Akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa. Chaki ikanikatikia mkononi. Je, mtu anaweza kumpenda mume wake mara mbili?

Chiriku


18 Aprili

Chiriku,

Nimekusoma. Baba yako hajambo. Mvua imepungua. Watoto wa tuisheni wameongezeka, nimeazima benchi kwa mshona viatu, lina harufu ya gundi.

Muuguzi mwache alale. Mtu anayelala mbele yako amekuamini. Ukimwamsha ili kumwaibisha, umemwonyesha kwamba darasa lako si mahali pa kupumzikia, na kesho hatakuja. Umwombe radhi.

Waokaji usiwasukume. Wape kazi inayohitaji watu wawili, kisha geukia jambo jingine.

Kuhusu mwanafunzi wako mpya. Benchi la nyuma hukaa watu wa aina mbili, wavivu na waoga. Chunguza ni yupi. Anaona ubao kutoka huko? Anaandika, au anatazama tu? Usimpendelee. Usimwulize maswali mepesi. Akikosea, msahihishe kama wengine, wala usicheke naye cheko la pembeni, darasa huona. Na hiyo penseli aitoe sikioni.

Nasema mwanafunzi. Mtu mwingine sijamsema.

Salamu kwa darasa zima, mbele na nyuma.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo! "Mbele na nyuma"! Tuliisoma mara nyingi hata karatasi ikalegea. Mume wangu aliruka, akagonga kichwa kwenye taa. Penseli ameitoa sikioni. Anauliza akuandikie, nikamwambia asiharakishe mambo.

Hatujambo wote. Nimejifunza kupika wali bila kuunguza chini, na muuguzi nimemwomba radhi. Akanipiga kofi la mgongoni, akasema, "Wewe bado mtoto," akalala.

Umeuliza ni mvivu au mwoga. Ni mwoga, Shangazi! Mtu anayening'inia katikati ya jengo kwa kamba akiimba, nikimwita ubaoni anatokwa na jasho. Ndiye wa mwisho darasani, nasema kweli. Lakini hajakosa hata jioni moja.

Sasa ngoja nikuambie ya wiki hii. Hatukuwaambia watu kwamba ni mume wangu. Yeye ananiita Mwalimu, mimi namwita kama wengine, na njiani kurudi ndipo tunashikana mikono. Kumbe darasa lilikuwa linaona! Lilimwona anavyonitazama. Juzi nilipokuwa nafuta ubao, muuguzi akafumbua jicho moja, akamgeukia.

"Wewe fundi! Huna haya? Huoni pete? Yule ni mke wa mtu!"

"Najua," akasema. "Ni wangu."

"Ushahidi!" Mzee akadakia.

Ikabidi nionyeshe picha ya harusi. Mzee akaipeleka dirishani, akailinganisha na uso, akalinganisha tena, akatoa hukumu: ni yeye, ila amenenepa. Darasa lilicheka mpaka mwenye duka la misumari akagonga dari kwa fimbo.

Baada ya hapo tukaendelea na somo, nalo lilikuwa la familia. Kila mtu aseme jambo moja la kweli kuhusu jamaa yake. Muuguzi akasema mwanawe anakoroma. Ikafika zamu ya benchi la nyuma. Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, akasema taratibu, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, "Shangazi wa mke wangu hanipendi."

Sikujua kama angesema hivyo, Shangazi, naapa. Mzee Ushahidi ndiye aliyesema.

"Umejuaje?"

"Huwasalimu wote. Mimi hanisalimu."

"Hiyo inaonyesha hasalimu. Haionyeshi hapendi."

"Mzee, acha mahakama," muuguzi akamwambia. "Mwenzako anaumia."

"Kama ni kweli, iandikwe. Kama si kweli, asiiseme tena humu. Aulizwe mwenyewe."

Basi nimetumwa. Sentensi ipo ubaoni kwenye kona, Mzee ameizungushia mstari tusiifute, na darasa zima linauliza, kweli au si kweli?

Chiriku, anayesubiri


30 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Tangu Mei sijapata neno. Baba anasema hujambo, unafundisha, unagombana na mshona viatu kuhusu mfereji wa maji. Kwa hiyo ni mimi tu usiyetaka kunijibu. Kama nimekukosea kwa kuleta swali la darasa, nisamehe. Kama barua imepotea, nitaituma upya.

Huku jua ni kali, chumba juu ya duka kinachemka. Mama mwenye nyumba ametupa feni inayopiga kelele, kwa hiyo tunafundishana kwa kupaza sauti kama watu wanaoitana ng'ambo ya barabara.

Waokaji wamesemezana! Niliwapa kazi ya watu wawili kama ulivyosema, waeleze jinsi mkate unavyookwa. Mkubwa akasema, "Tanuri ni moto." Mdogo akajibu, "Najua." Basi, hayo tu, na tangu hapo hawakamatiki. Jana walikuwa wanagombana kwa Kiingereza kuhusu chumvi, kwa furaha kubwa. Muuguzi amenunua mkate wao akasema bado hauna chumvi.

Sentensi ya kona bado ipo. Kila jioni Mzee Ushahidi akiingia huiangalia, kisha hunitazama, nami natikisa kichwa. Mwenye sentensi yake ameacha kuuliza kama yumo.

Shangazi, amepata likizo mwezi wa Agosti, na anataka kuja kwako. Kwako wewe, si kwa wazazi wake. Mimi siwezi kuondoka, wanafunzi wangu wana mtihani na nimewaahidi. Atakuja peke yake. Nimemwambia huenda usimfungulie, akasema atakuwa angalau ameuona mlango.

Utamfungulia? Niambie tu hilo. Usiponijibu nitamzuia, maana sitaki asafiri mbali hivyo kwenda kusimama barabarani. Nampenda mno, nawe nakupenda mno, na nikilala nawaona mmesimama pande mbili za ubao.

Chiriku


16 Julai

Chiriku,

Barua zote mbili zimefika. Nilikuwa na kazi.

Mfereji umekwisha tengenezwa, mshona viatu ameshindwa. Baba yako amenunua fimbo ya kutembelea, sasa anaigongagonga kwangu kama mwenye nyumba.

Waokaji umewafundisha vizuri.

Kuhusu feni, izime wakati wa kusoma kwa sauti.

Kuhusu swali, mwambie Mzee wako kwamba karani wa mahakama anapaswa kujua utaratibu. Kesi haiamuliwi kabla shahidi hajasikilizwa.

Mlango wangu uko wazi alasiri, wakati wa tuisheni. Wakati mwingine wowote siahidi.

Shangazi yako


11 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ameondoka leo asubuhi. Nimempigia pasi shati jeupe na nimemwambia asitabasamu mno, huwa anazidisha akiogopa. Salamu zake kwako amezifanyia mazoezi juu ya paa la lifti mpaka wenzake wakazijua kwa moyo.

Kila mmoja darasani alimpa ujumbe, ndugu waokaji wakampa mkate, ambao utafika umekuwa jiwe. Mzee alimshika mkono, akamwambia, "Sema ulichoona. Usiongeze."

Chumba kimekuwa kikubwa ghafla, nami sijui nikae wapi. Jioni mtu alipanda ngazi akapita mlango wetu, nikawa nimeshasimama katikati ya chumba kabla sijakumbuka.

Shangazi, mimi nimemaliza maneno. Yuko njiani.

Mwanao


15 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Sisi wazima. Baba yako anakusalimu, mshona viatu pia.

Amefika jana alasiri, wakati wa tuisheni. Nilikuwa nimegeukia ubao. Watoto wakanyamaza, na watoto wangu hawanyamazi bure, nikageuka. Mtu amesimama mlangoni, kichwa kimegusa fremu, shati jeupe lina vumbi la safari, mkate kwapani. Alifungua mdomo aanze salamu zake ndefu. Nikamwambia, "Umechelewa. Kaa."

Akakaa. Benchi la nyuma lenye harufu ya gundi, katikati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamefika kidevuni. Nikaendelea na somo. Nilipouliza swali akanyoosha mkono pamoja nao. Nikamchagua. Akakosea. Watoto wakacheka, na msichana mmoja mwenye kiburi akasimama akamsahihisha, naye akasema, "Asante, Mwalimu." Yule mtoto hajashuka kutoka mbinguni mpaka leo.

Walipoondoka nikachemsha chai. Nikamwambia, haya, sema ulilolijia. Nilitegemea ataniomba. Watu wakija kwangu huja kuomba. Yeye akasema amekuja kunieleza jambo aliloliona darasani, kwa kuwa ana hakika wewe hukuniandikia, na ameagizwa asiongeze.

Akasema jioni ile waokaji walipokuwa wanajaribu, baada ya mkubwa kusema tanuri ni moto, mdogo hakujibu mara moja. Alianza kulia. Mtu mzima, mikono imejaa unga, analia mbele ya watu, na darasa zima limemgeukia. Akasema wewe ulimtupia jicho mara moja tu, ukageukia ubao, ukawaambia wote wanakili, ukaanza kuandika. Uliandika ubao mzima, ukafuta, ukaandika tena, mgongo kwa darasa, mpaka vichwa vyote vikainamia kazi na hapakuwa na mtu wa kumtazama yule bwana akilia. Alipomaliza, akasema "Najua." Ndipo ulipogeuka. Akaniambia mkono wako wa chaki ulikuwa unauma usiku kucha na hukusema kwa nini.

Mimi nikamwuliza uliandika nini huko ubaoni. Akasema, majina ya vitu vya kikapuni, kufuli, kijiko, kitunguu, kiatu, tena na tena.

Nimefundisha maisha yangu yote. Hilo sikukufundisha, na chuoni halifundishwi. Niliinuka nikaenda kuangalia chai ambayo ilikuwa imeshachemka.

Niliporudi akaniambia huko mliko kuna chuo cha ualimu cha jioni, ameshakwenda kuuliza mlangoni kwao, lakini hakuthubutu kukuambia kabla hajaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mwalimu anahitaji nini. Tumezungumza hayo mpaka baba yako alipokuja kumaliza sukari. Utajiunga Septemba. Sanduku la bweni analichukua yeye, nimelitia vitabu, ni zito, lakini amezoea kunyanyua vitu.

Ile sentensi ya kona ifuteni. Ifutwe mbele ya darasa zima, na afute Mzee mwenyewe.

Mgeni akasema atakwenda kulala nyumba ya wageni karibu na stendi. Nikamwuliza, mkwe wangu alale kwa watu na mimi nina nyumba? Nimemtandikia chumbani kwako shuka za kabatini. Nilipozivuta simu ilianguka ikapasuka kioo, kwa hiyo endelea kuandika.

Saa hii ni alasiri na amelala bado, safari imemchosha. Watoto wamekuja, nimewaambia leo tunasoma kwa kunong'ona. Kitanda chako ni kifupi kwake, miguu yote imetoka nje. Nimemwekea stuli.